Orodha ya Mishahara ya Wakuu

Baraza la chuo kikuu lilipoamuru mishahara ya wakuu iwekwe hadharani, karani Mwakyoma aliibandika orodha kwenye ubao wa matangazo ukumbini. Bi Sikudhani, aliyefagia ukumbi ule kwa miaka kumi na tisa, alimwomba amsomee, maana miwani yake ilikuwa imevunjika.

Karani alianza na Makamu Mkuu wa Chuo. Bi Sikudhani alisikiliza, kisha akauliza, "Hiyo ni ya mwaka, mwanangu?"

"Ya mwezi, mama."

Hakulaani. Alivuta kiti cha mlinzi, akaketi, akavua viatu kwenye miguu iliyovimba.

"Endelea," alisema. "Nisomee wote, taratibu."

Wanafunzi waliokuwa wakipita walianza kusimama, mmoja mmoja, nyuma ya kiti chake.