Bunduki ya Chini ya Meza

Bi Mwamtoro aliziangalia bunduki mbili zilizolazwa juu ya meza ya duka, moja ndefu na moja fupi, zote za kukoki kwa mkono risasi moja moja. Misimu miwili mfululizo alikuwa amemkosa pongo, kwa sababu mtutu mrefu wa bunduki ya marehemu mumewe ulinaswa na matawi kila alipotambaa kichakani. Shemeji zake walikuwa wameshaanza kumshauri aache kuwinda, afuge kuku.

"Chukua hii ndefu, mama," alisema Kizito, mwenye duka. "Hiyo fupi ni pambo tu."

Bi Mwamtoro alihakikisha hazina risasi, akajifunga kanga kiunoni, akaingia na ile fupi chini ya meza, ambako viti vilisongamana kama kichaka chenyewe. Alitambaa kwa viwiko, akapinda kona, akatokea upande wa pili kimya kabisa. Hata paka aliyelala pale hakushtuka.

"Haya, mwanangu. Zamu yako na hiyo ndefu."

Kizito alicheka, akaingia kwa mbwembwe. Kiti cha kwanza kikaanguka, cha pili kikamwangukia mgongoni, na paka akatoka mbio mpaka barabarani.

"Pongo wako huyo anakwenda zake!"

"Mama, nimekwama," sauti ilisema kutoka chini ya meza. "Hebu nivute miguu."

Bi Mwamtoro aliitundika ile fupi begani, akamshika Kizito vifundo vya miguu, akaanza kumburuta taratibu, kama mtu anayemtoa kichakani pongo wake wa kwanza wa msimu.