Siku Ambayo Nakunda Hakuitoa

Haya aliniambia Nakunda mwenyewe Jumapili iliyopita, tukichambua maharage uani kwangu.

Mnajua arobaini ilivyo siku hizi. Rafiki wa marehemu huenda zahanati akatoa kumbukumbu ya siku moja waliyokuwa pamoja, nayo akatiwa kichwani mama mzazi wa marehemu. Ukishaitoa, kwako haipo tena. Alipofariki rafiki yake Namsifu, Nakunda alitoa siku waliyoshona sare pamoja. Safari ya Moshi, walipokwenda kuiona bendi waliyoipenda, aliizuia, maana humo Namsifu amesimama nyuma ya pikapu, anaimba na kucheka mpaka sauti inamkauka. Wenzao wawili wa safari walichagua siku nyingine, wakijua ile ataitoa yeye.

Asubuhi ya Jumapili hiyo alikuwa amepita kumsalimu mama wa marehemu, akamkuta amejilaza mkekani.

"Nyie watoto mmenijaza cherehani mpaka masikio yananiuma," mama alisema. "Hivi Namsifu hakuwahi kucheka?"

"Alicheka, mama. Safari ya Moshi."

"Ulimwona wewe?"

Nakunda aliinamisha macho. "Mimi sikwenda. Nilisimuliwa tu."

"Ningemwona hata mara moja, mwanangu, ningetulia. Haya, nisimulie hicho ulichosimuliwa."

Akamsimulia taratibu, kama habari ya watu wengine, huku mwenyewe akiona kila kitu, hadi vumbi kwenye nyusi za Namsifu. Hata pikapu haijafika Moshi, mama alishapitiwa na usingizi, na Nakunda akaona afadhali.