Sema Hamjambo
Mtafiti Kissa alikuwa anawahoji wanafunzi kuhusu upweke, na msichana huyu aliingia ofisini peke yake kabisa.

"Hujambo, Sikudhani?"

Msichana akatikisa kichwa.

"Dada, sema hamjambo. Mwenzangu anapenda kununa."

Kissa akacheka. "Haya, hamjambo?"

"Hatujambo!"

Sauti mbili, jamani, mbili! Na mdomo uliofunguka ni mmoja.

Kalamu ikasita kwenye swali la marafiki.

"Usiandike sina, dada. Walimu watanihamisha bweni nipate marafiki, watutenganishe. Kabla ya mwenzangu huyu nilikuwa siongei na mtu, wiki nzima."

Kissa akaandika: mmoja.

Sikudhani akashukuru, akaenda. Mlangoni akasogea pembeni, kama anampisha mtu. Pazia likainuka, likashuka. Ndipo naye akatoka.