Zege la Mlangoni

Tarishi wa kiwanda cha uchapaji alikuwa keshaikwapua bahasha na kukanyaga ubao wa kuvukia zege bichi, mtunga kamusi alipomwona bintiye akiimwagia maji ngazi mpya ya mlangoni.

"We mtoto! Jana umeijenga, leo unailowesha? Itakauka lini?"

Binti, fundi mwashi, hakuinua hata kichwa. Vidole vyake vilivyopauka kwa saruji viliendelea kutandaza magunia mabichi juu ya zege.

"Zege halikauki, Baba. Linashika. Likikauka kabla halijashika vizuri, linapasuka. Ndiyo maana nalinywesha."

Mzee akapigwa na butwaa. Ndani ya bahasha ile mlikuwa na neno moja tu la Kiingereza, "set", lililomla miaka mitatu: jua linazama, mtego unategwa, mfupa unaungwa. Na maana ya arobaini na moja, iliyopitishwa na maprofesa wanne: saruji inakauka.

"Lete hiyo bahasha."

"Mzee, mashine zinasubiri!" tarishi akalalama.

"Zisubiri."

Akaketi kizingitini, akafuta, akaandika "kushika". Nafasi ya mfano ilikuwa tupu. Akamtazama binti ambaye yeye, baba, alimnunia mwezi mzima tangu binti huyo alipoacha vitabu akachukua mwiko wa uashi. Kisha akaandika, akasoma kwa sauti, uso umemchanua:

"Ngazi aliyoijenga binti yangu imeshika barabara."

"Bado, Baba," binti akasema, akicheka. "Toa mguu."