Saa ya Kiti cha Tatu

Kwenye skrini ya kiti cha tatu dakika zilikuwa zinachechemea, na aliyezivunja miguu ni Kitindamimba.

Alikuwa amejifungia chumba cha nyuma cha saluni ya mama yake, macho kwenye kompyuta. Programu ile aliiandika mwenyewe kwa Python: mteja akipakwa dawa ya kunyoosha nywele, hesabu inakwenda chinichini, na tarakimu za skrini ya ukutani zinabadilika kila sekunde kuifuata. Dawa ikipitiliza inababua kichwa. Asubuhi hiyo, aliposikia wifi yake anakuja, alibadilisha mstari mmoja tu. Kwa kiti cha tatu, kile cha wageni, tarakimu zingesogea mara moja kila zikipita sekunde mbili, na kengele ingezingoja hizo tarakimu.

Wifi huyo, mke wa kaka yake, ndiye aliyemtupia mama virago nje mvua ikinyesha, tena majirani wakitazama. Mama alishasamehe. Kitindamimba hakusamehe, wala hakuwa na mpango huo.

"Usimnunie," mama alimwambia. "Kaja kwa wema. Na kabla hajaolewa alikuwa msusi, mikono yake mizuri sana."

"Sinuni, mama. Ila ufuate saa."

"Nisipofuata saa yako nifuate ya nani?"

Sasa huko mbele mashine ya kukaushia ilikuwa inanguruma. Alisikia kicheko, kisha kiti kikiburutwa. "Kaa bwana, acha aibu," mmoja wao alisema. Saa ya kiti cha tatu ikaanza.

Kwenye kompyuta yake hesabu ya kweli ilifika sifuri. Ukutani ilibaki nusu nzima. Akasikia mtu anaguna, kisha anavuta hewa kwa meno. Roho yake ikasuuzika.

"Ungua," alinong'ona. "Ujue mama alivyolia siku ile."

Mlango ukagongwa. Alikuwa wifi yake, kilemba kichwani vilevile alivyokuja nacho, glavu zimejaa dawa.

"Wifi, njoo unisaidie. Nilimwomba mama leo akae yeye, nimhudumie mimi, labda atanisamehe kweli. Sasa machozi yanamtoka na hataki nimwoshe. Anasema saa ya mwanawe haijawahi kumdanganya."