Kiti cha Mama Audace

Kila Jumapili saa tisa alasiri, watu wa Mishamo, makazi ya wakimbizi kutoka Burundi, wakishatoka kanisani na kula, banda la video la Leonidas hujaa hadi mlangoni. Kinachoonyeshwa ni mpira wa Wamarekani, ule wa kubeba mikononi na kuvaa kofia ngumu. Hakuna hata mmoja anayezijua sheria zake. Hata siku ya Simba na Yanga, watu huanzia kwa Leonidas.

Mwalimu Scolastica, aliyehamia kutoka Litapunga, alishangaa mpaka alipoelezwa kuhusu Mama Audace. Mwanawe, Audace, aliondoka na kundi la wakimbizi waliopokelewa Marekani, akafikia mji mdogo wa baridi kali uitwao Green Bay, akapata kibarua cha kuzoa theluji kwenye viti vya uwanja. Simu yake ya mwisho ilikuwa ndefu na ya furaha. Alisema timu ya hapo, Packers, na mahasimu wao Bears wa Chicago, zilianza kucheza kabla hata bibi yake hajazaliwa, na kwamba watu wa huko hurithishana tiketi kama Mishamo wanavyorithishana mashamba.

"Mama, ukiiona timu ya kijani na njano, nitafute," alisema. "Niko pale kwenye viti, nimeshika beleshi."

Tangu siku hiyo imepita miaka mitatu, na Audace hajapiga tena.

Leonidas ndiye aliyetafuta mechi ya timu hiyo. Wanamsema kwa ubahili, lakini kwa mama huyu aligeuka mtu mwingine. Hamtozi kiingilio. Amempa kiti chenye mto, akakiweka mbele kabisa, ubavuni mwa skrini, juu ya jukwaa la matofali ili aone vizuri, na taa ya sola juu ya kichwa chake asije akajikwaa. Soda nayo humpa.

Jumapili ya kwanza Scolastica aliketi nyuma. Wanaume wa kijani na njano wakagongana na wanaume wa buluu, wakaanguka, wakainuka. Banda lilikuwa kimya. Kamera ikapita kwenye viti. Shabiki mmoja mwenye kofia ya njano ya pembetatu akateleza kwenye ngazi, na nyuma yake kijana mweusi mwenye koti la rangi ya chungwa akanyanyua beleshi.

Mama Audace akasimama.

"Mwana wanje," aliita kwa Kirundi chake, yaani mwanangu. Akainua mikono juu kama pembe za ng'ombe, namna wanawake wa kwao wanavyocheza kwenye furaha, akacheza polepole juu ya matofali yale, huku akilia na kumsihi kijana avae sweta. Banda zima likapiga makofi na vigelegele. Simu zikanyanyuliwa. Scolastica alilia mbele za watu wala hakuona aibu. Aliona hajawahi kuishi mahali penye watu wema namna hii.

Jumapili ya pili, shabiki wa kofia ya njano aliteleza tena, kwenye ngazi ileile.

Mwalimu alimfuata Leonidas kwenye dirisha la kukatia tiketi, hasira zimempanda.

"Kumbe ni mechi moja tu."

"Ni moja, Madam. Mwaka wa tatu huu."

"Unamdanganya mama wa watu."

"Mimi simwambiagi kitu. Anakuja mwenyewe, anamuona mwanawe, anarudi kwake na amani. Nyie walimu mnataka nini?"

"Nitaleta mpya."

"Utaharibu," Leonidas alisema, akaendelea kukata tiketi.

Mwalimu akaileta. Alipokwenda Mpanda kwenye semina alimaliza bando lake lote kupakua mechi ya wiki iliyopita, ya timu zilezile mbili. Jumapili akachuchumaa kando ya kiti cha Mama Audace.

"Mama, ile uliyokuwa unaiona ni ya zamani. Hii ni ya juzi. Leo utamuona alivyo sasa."

Mama Audace akacheka. "Basi atakuwa ameota ndevu." Akamshika mwalimu mikono yote miwili na kumbariki.

Mechi ikaanza. Huko Marekani ilikuwa siku ya jua, hakuna theluji. Kamera ikapita kwenye viti mara ya kwanza, mara ya tano, mara ya kumi. Mama Audace alisogeza uso mpaka pua ikakaribia kugusa skrini, akichungua sura moja moja. Hakuinuka kitini. Nyuma yake watu walianza kukohoa na kunong'onezana, kisha wakatoka mmoja mmoja mpaka mabenchi yakabaki matupu. Scolastica alidhani wameshindwa kuvumilia uchungu wa mama yule.

Mechi ilipoisha, Mama Audace aligeuka.

"Mwanangu," alimuuliza mwalimu kwa sauti ndogo, "wamemzika wapi?"

Scolastica alitoka nje kuwaita watu waje wamfariji mama, kwa kuwa alijua asingeweza peke yake. Akawakuta bado wapo, wote, wamejazana mbele ya dirisha la Leonidas. Moyo wake ukatulia kidogo. Aliyekuwa mbele ni Deo, mzee wa kanisa, amenyoosha kiganja dirishani.

"Turudishie viingilio vyetu," Deo alikuwa akisema. "Mpira wenyewe nani anauelewa? Sisi tunalipaga kumuona kichaa akicheza, na leo hajacheza."