Joto la Sherehe

Kila nyumba ilipimiwa joto lake, na mashine ya ukutani haikukubali lizidi. Watu wakicheza, ilifidia kwa kumnyonya joto aliyetulia.

Mwajabu alilijua hilo, lakini angemwoza binti yake bila ngoma, angesemwa mtaa mzima. Akajaza nyumba. Mamake mgonjwa akamlaza chumba cha ndani, mablanketi matatu juu.

“Shoga, hicho kiuno kimeota kutu?” Salha alimchokoza.

Mwajabu akakikata mpaka jasho likamtoka.

Alipompelekea mama pilau, alikuta mkono wake baridi kama sakafu.

“Wageni wamefurahi?” mama alinong’ona.

“Sana. Lakini niwaage sasa, mama.”

“Thubutu. Watasema tumewafukuza.”

Salha akaita kutoka sebuleni. Mwajabu akavua mtandio wake, akamfunika mama, akarudi kucheza.